Fundi Abasi na Masale ya Nyumba ya Baraza

Ukipanda kutoka Himo kuelekea upande wa Marangu, utafika mtaa unaoitwa Mrieni, na katikati ya Mrieni utaiona nyumba ya baraza. Ni nyumba ya mawe meusi ya mlima, makubwa chini na madogo juu, na juu ya mlango wake pana bamba lenye jina la ofisa Mjerumani na mwaka 1908. Eti yeye ndiye aliyeijenga.

Mimi nasema hakuinua hata jiwe moja. Mawe yale yalitoka korongoni vichwani mwa babu zetu, na wengine walibeba huku kiboko kikiwafuata nyuma. Vitabu tulivyosomeshwa vimejaa watu waliosimama kando na kuamuru. Nimechoka nao. Leo naandika habari za mtu aliyeyashika mawe hayo kwa mikono yake: Abasi Mikidadi, fundi wa Moshi mjini, ambaye yu hai, ana kelele kama kawaida yake, na ambaye akisomewa habari hizi atasema nimempunguza.

Baba yake, mzee Mikidadi, alitoka Unyamwezi akiwa mpagazi, akaugua miguu Moshi, akabaki. Mama yake alikuwa Mpare wa Usangi. Abasi alizaliwa katika nyumba ya udongo nyuma ya soko, na ujenzi wa mawe alifundishwa na baba yake kwa masikio kabla ya mikono. Mzee alimfunga kitambaa machoni, akagonga jiwe kwa nyundo, akauliza, "Zima, au lina ufa?" Akikosea, hakupata chai. Abasi husema ndiyo maana hadi leo anakunywa chai kama mtu anayelipiza kisasi.

Walijenga pamoja kuta za maduka na uzio wa mashamba, kwa mawe na chokaa iliyolowekwa shimoni mpaka ikawa laini kama siagi. Kisha mzee akafa, vita ikaja, vita ikaisha, na saruji ikaingia kwa wingi. Wakandarasi hawakutaka tena mtu wa kungoja chokaa ilainike. Walitaka matofali ya saruji, ukuta uwe umesimama kufikia Ijumaa. Abasi akabaki kupaka chokaa nyumba za watu wakati wa kuelekea Idi, na kujengea makaburi.

Mkewe Mwanajuma, ambaye ulimi wake unajulikana soko zima, alikuwa akiwaambia wanunuzi wa maandazi yake, "Mume wangu ana wateja wapole kuliko wote mjini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika."

Watu walicheka. Abasi naye alicheka. Lakini jina la "fundi wa makaburi" lilimshika, na lilimchoma.

Mwaka 1953, nilipokuwa nimerudi kutoka chuoni Makerere na kufundisha shule ya Mrieni, ukuta mmoja wa nyumba ya baraza ulianza kuvimba. Ni ukuta wa upande wa mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba. Miaka kadhaa nyuma mtu alikuwa ameupaka saruji nzito ili kuuimarisha. Sasa ile saruji ilikuwa imebanduka vipande vipande, na mawe laini ya pembeni yalikuwa yakimomonyoka ukiyasugua kwa kidole.

Mchili wetu, mzee Theodory, ndiye mkubwa wa mtaa, na si mtu wa kupoteza wakati. Aliita mkutano, akasema nyumba ibomolewe, ijengwe mpya ya matofali ya saruji. Nilisimama. Nilisema, kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyokusudia, kwamba nyumba ile ni jasho la babu zetu, kwamba kuibomoa ni kuwabebesha mawe mara ya pili.

Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na likituangukia hilo jasho?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Theodory alingoja watulie, akasema, "Haya. Mwalimu atafute fundi wake. Mvua za masika zikianza, na ukuta bado umevimba, tunabomoa. Sitaki watu wafe wakisikiliza kesi ya mbuzi."

Nikateremka mjini. Kila fundi niliyemwuliza alinipa jibu moja, kwamba saruji tu ndiyo dawa, mpaka mmoja aliponielekeza kwa dhihaka kwa fundi wa makaburi. Nilimkuta Abasi uani, amevaa kofia ya kufuma na singleti, akinoa patasi isiyokuwa na kazi.

"Ukuta wa mawe?" akaniuliza. "Mawe ya kweli? Na chokaa ndani?"

"Chokaa ndani, saruji nje."

Akatema mate kama mtu aliyesikia habari za mwizi. "Mwanajuma! Nifungie kanzu na ile nguo ya kazi. Nakwenda mlimani."

"Nani kafa?" Mwanajuma akauliza kutoka jikoni.

"Hakuna aliyekufa, mwanamke! Kuna mgonjwa."

Alipofika Mrieni alitembea polepole kandokando ya ukuta wote, akigonga kwa kishikio cha nyundo na kuinamisha sikio. Watoto wa shule walimfuata na kumwigiza. Kisha akaniambia kwamba ukuta umezibwa pumzi: maji yanaingia kwa chini, saruji inayazuia yasitoke, nayo yanakula mawe kwa ndani. Itabidi kubandua saruji yote, kuziba viungo vya mawe kwa chokaa, na kuchimba mtaro chini ya ukuta ili maji yapate njia ya kwenda.

"Nitauponya," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hakuna ukuta ulionishinda mimi, ila Mwanajuma." Kisha akashusha sauti. "Mwalimu, ukuta huu ukisimama, hakuna mtu Moshi atakayeniita tena fundi wa makaburi. Ukianguka, hata hayo makaburi hawatanipa."

Akapewa chumba nyuma ya shule. Vijana walileta mawe ya chokaa kutoka tambarare, akayachoma, akayaloweka. Wanawake walileta mchanga kutoka mtoni. Alifanya kazi huku akighani kasida, jambo ambalo mwanzoni liliwashangaza Walutheri wetu, na baadaye wakawa wanamwuliza akinyamaza kama anaumwa. Alikula kiburu, ndizi zetu zilizopondwa na maharagwe, na kila siku alikilalamikia na kuomba kingine.

"Fundi," Margareta, msichana aliyebeba mchanga, alimwuliza, "mbona unasema na mawe?"

"Kwa sababu hayanijibu, dada. Nimeoa."

Saruji ikatoka. Ukuta ukaanza kukauka, na hata Theodory, akipita, alikuwa akipunguza mwendo na kutazama. Ikabaki kazi ya chini. Na huko chini ndiko alikokosea.

Chini ya ukuta ule, kwa urefu wake wote, palikuwa na safu ya masale, mimea ya majani marefu ambayo kila mtu wa mlimani anaijua. Udongo ulikuwa umejazana hapo mpaka kufikia magoti, na mizizi ilikuwa imeingia katikati ya mawe na kuyasukuma. Abasi aliyajua masale. Alijua kwamba kwetu ndiyo mipaka ya vihamba. Lakini hapa hapakuwa na kihamba, palikuwa na nyumba ya serikali, na mjini watu huyapanda masale kuzuia mbuzi wa jirani. Akadhani ni ua. Asubuhi moja, kabla wabebaji mchanga hawajafika, akachukua panga na kukata sale la kwanza, lile la pembeni karibu na mfongo, akaling'oa na shina lake, akalitupa njiani.

Margareta alikuwa akija na ndoo kichwani. Aliiachia ikaanguka.

"Fundi! Umefanya nini? Hilo ni la mama Eliona na Yoramu!"

Niwaeleze wasiokuwa wa huku. Kwetu ukimpelekea mtu jani la sale lililofungwa fundo, unamwomba msamaha, na ni vigumu sana kwake kukataa. Na pale Mrieni palikuwa na desturi nyingine tena. Waliogombana wakipatana barazani, walitoka nje pamoja, wakashika kipande kimoja cha sale, mmoja juu na mwingine chini, wakakipanda chini ya ukuta ule. Sale likiota, ugomvi umekufa. Safu ile yote ilikuwa ni ugomvi wa Mrieni uliokufa.

Mama Eliona ni mjane. Mumewe alipofariki, alizozana na shemeji yake Yoramu juu ya kipande cha kihamba chini ya mfongo. Walizozana mpaka watoto wao wakaacha kusalimiana kanisani. Walipopatana, walipanda sale la pembeni. Likaota vizuri kuliko yote.

Kesho yake asubuhi Yoramu alionekana katika kile kipande, na jembe lake, akilima katikati ya maharagwe ya mama Eliona. Hakupiga kelele. Kila aliyempigia kelele, alimjibu neno lile lile: "Sale limekatwa. Hakuna mapatano."

Mama Eliona alikwenda akaketi kwenye maharagwe yaliyobaki, akajifunika shuka, akakataa kuondoka. Theodory akaja barazani amekasirika.

"Weka mwiko chini," alimwambia Abasi. "Hakuna mtu atakayegusa ukuta huu mpaka jambo hili liishe. Uliitwa utengeneze nyumba, umenibomolea mtaa!"

Wakati huo kilele cha Mawenzi kilikuwa kimeanza kufunikwa na mawingu kila alasiri. Masika hayakuwa mbali. Chini ya ukuta palikuwa wazi pale alipong'oa, shimo limekaa kama jino lililotoka, na mvua ya kwanza ingeingia hapo hapo.

Nilimkuta Abasi ameketi juu ya sanduku lake la vyombo, kimya, na huo ulikuwa ugonjwa kwake. Mimi nilikuwa nawaka. Nilimwambia twende ofisi ya wilaya, tupate barua ya kuamuru kazi iendelee, kwa sababu nyumba ni ya umma, si ya Yoramu.

"Halafu?" alisema. "Nirudi hapa na askari? Nani ataniletea mchanga, mwalimu? Askari?"

"Basi utafanya nini?"

"Nitakwenda kuomba radhi. Nimekata kitu cha watu. Ningekatiwa mimi mwiko wa baba yangu, ningeua mtu."

Tukaenda kwanza kwa mama Eliona, pale pale kwenye maharagwe.

"Shikamoo, mama," Abasi alisema, akichuchumaa mbali kidogo.

"Marahaba. Wewe ndiye unayeimba?"

"Ndiye mimi, mama. Na ndiye niliyekata."

"Nimeona." Akamtazama kwa muda. "Mimi sina neno nawe. Wewe ni mgeni, umekata kwa panga. Huyu shemeji yangu anakata kwa jembe, naye amezaliwa hapa."

"Nimekuja unisamehe."

"Nimekwisha kusamehe, mwanangu. Lakini sale lile halikuwa langu peke yangu. Nenda kwa Yoramu." Akaokota jani la maharagwe lililokatwa na jembe. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia, ingawa nimezaliwa Mrieni. "Kipande hiki kilikuwa chake. Baba mkwe alimpa yeye, mimi nilijua. Mume wangu naye alijua. Lakini nilikuwa na watoto wadogo, na mdomo wangu ulikuwa mrefu. Siku ya baraza Yoramu aliniangalia, akasema, 'Achukue.' Basi. Kanisani wakanisifu mimi, eti mjane mvumilivu. Yeye hakuna aliyemsifu. Wakasema ameshindwa."

"Na wewe, mama, ulimwambia nini?" Abasi akauliza.

"Sikumwambia kitu. Tulipanda sale."

Akatutuma tuchume jani la sale mpakani, akatueleza linavyofungwa fundo. Abasi akamkatiza, akasema mafundo ameyajua tangu utotoni, amefunga majukwaa ya kujengea yenye kubeba watu sita. Mama Eliona akamwacha alifunge mwenyewe.

Yoramu tulimkuta nyuma ya nyumba yake, akimkatia ng'ombe majani ya migomba. Ni mzee mrefu, mkavu, asiyeinua sauti. Abasi alimwamkia, akampa lile jani kwa mikono miwili. Yoramu hakulipokea. Alilitazama.

"Nini hii?"

"Sale, mzee wangu. Naomba radhi."

"Naona ni sale. Nauliza hili fundo. Hapa umefunga mbuzi?"

Nilijikuta nimecheka, nikajizuia. Abasi hakucheka. Aliliweka jani kwenye nyasi katikati yao, akaketi chini na kanzu yake nyeupe.

"Waswahili wa mjini," Yoramu alisema, akiendelea kukata. "Mkivunja, mnakuja na maneno. Wewe hutaki radhi yangu. Unataka ukuta wako."

"Nautaka," alisema Abasi. "Sitakudanganya. Nautaka kuliko chakula. Mjini naitwa fundi wa makaburi. Mke wangu ananiita hivyo, watu wananunua maandazi wanacheka. Nilipouona ukuta ule nilisema, Abasi, Mungu amekukumbuka. Ndiyo maana nilikuwa na haraka. Nilikata bila kuuliza, na kazi yangu mimi ni kuuliza. Siondoi jiwe bila kuuliza limeshika nini."

Yoramu akasimamisha panga. "Na yale mengine? Yaliyobaki?"

"Sitayagusa. Hata moja. Mpaka mwenye nalo aje aliondoe kwa mkono wake."

"Na asipokuja?"

"Litabaki."

"Mizizi imo ukutani. Mvua inakuja."

"Najua."

"Basi ukuta utaanguka."

Abasi akalitazama lile jani kwenye nyasi. Ng'ombe akavuta jani la mgomba. "Utaanguka," akasema hatimaye. "Nami nitarudi makaburini."

Nikaona hapo ndipo mwisho, nikataka kuinuka. Lakini Abasi alikuwa hajamaliza. "Tumetoka kwa mama Eliona," alisema. "Amesema kipande kile ni haki yako. Amesema baba yenu alikupa wewe, na yeye alijua."

Panga likateremka taratibu. "Amesema hivyo? Mbele ya nani?"

"Mbele ya mwalimu huyu."

Yoramu akanigeukia.

"Ndivyo alivyosema, meku," nikamjibu, kwa neno letu la kumheshimu mzee. "Kwa mdomo wake."

Mzee yule akaketi juu ya gogo. Uso wake haukubadilika sana, lakini alipangusa panga kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Miaka yote ile watu walimsalimu kama mtu aliyeshindwa kesi. Alikuwa ametoa ardhi yake mwenyewe, na shahidi pekee wa utu wake alikuwa mmea chini ya ukuta, tena mmea usiosema. Ukikatwa huo, amebaki na nini? Nilikuwa nimemwita mkorofi moyoni. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa mara mbili.

"Aseme hivyo barazani," Yoramu alisema. "Mbele ya watu. Ardhi siitaki. Alime, avune. Lakini aseme."

Kisha akainama, akaliokota lile jani kwenye nyasi. Akalifungua fundo la Abasi, akalifunga upya, polepole, kwa namna ya kwetu, akalitia mfukoni.

"Hivi ndivyo linavyofungwa," akasema. "Ukikosea tena usije na mafundo ya mbuzi."

Mama Eliona alisema. Nilidhani atasitasita, lakini alisimama mbele ya nyumba ya baraza, kanga mabegani, akasema yote, pamoja na ule mdomo wake mrefu, mpaka wanawake wenzake wakaanza kuangalia chini. Alipomaliza, akamgeukia Yoramu. "Shemeji, asante. Nimechelewa."

"Umechelewa," Yoramu akakubali. "Na maharagwe yako nimeyaharibu."

"Uliyaharibu vibaya. Mistari yako haikunyooka hata kidogo."

"Nilikuwa na hasira."

"Hata ukiwa huna hasira mistari yako haijapata kunyooka."

Watu wakacheka, nao wawili wakaenda kutafuta shina la sale lililotupwa njiani. Lilikuwa limesinyaa, lakini sale haliogopi kusinyaa. Abasi aliwaonyesha mahali pa mtaro, na ng'ambo yake, hatua chache kutoka ukutani, wakapanda upya, mmoja ameshika juu na mwingine chini. Yoramu aliingiza mkono kwenye lile shimo chini ya ukuta, akavuta mzizi mnene kama kidole gumba uliokuwa katikati ya mawe mawili, akauinua watu wauone. Hapakuwa na haja ya mimi kuhutubia tena.

Siku zilizofuata walikuja wengine. Watu waliokuwa wamegombania maji ya mfongo, mahari, ng'ombe aliyeingia shambani. Baadhi walikuwa wazee wa kushikwa mkono. Palipokuwa na marehemu, alikuja mwanawe, na wengine ndipo walipojua kwa mara ya kwanza kwamba baba zao waligombana. Kila wawili walichimba sale lao na kulihamishia ng'ambo ya mtaro, na Abasi alifuata nyuma yao akisafisha viungo vya mawe na kuvijaza chokaa, akiimba, huku akitazama mlimani kila dakika.

Yakabaki masale mawili katikati, yaliyosimama pamoja. Tuliuliza kila nyumba. Hakuna aliyejua ni ya nani. Labda waliohama, labda waliokufa bila watoto wakati wa njaa.

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha upande wa juu, tuliisikia ikija kwenye migomba. Theodory alikuja mbio na shuka kichwani.

"Fundi, kata hayo mawili umalize! Mimi mchili naruhusu."

"Si yako, mzee," Abasi alisema.

"Si ya mtu!"

"Ni ya watu wawili. Hatuwajui tu."

"Mtaro utapita wapi?"

Abasi alichukua kamba yake aliyokuwa ameinyosha toka pembe mpaka pembe, akang'oa vijiti vyake viwili, akaipindisha. Mtaro ule ambao alikuwa akiuchimba kwa mstari ulionyooka kama rula, akaupindisha kuyazunguka masale mawili, akaupitisha mbele yake na kuurudisha ukutani. Pale nyuma yake aliondoa udongo kwa mkono, kidogo kidogo, akakata mizizi iliyoingia ukutani tu, akaacha mingine, akapachika mawe bapa yaliyoegemea nje. Fundi aliyejisifu miaka yote kwamba mistari yake haijapinda, alikuwa akiupinda kwa makusudi huku akijitukana kwa Kinyamwezi.

Mvua ikatushukia kabla hajamaliza kuziba. Chokaa mbichi haivumilii mvua. Yoramu ndiye aliyekwenda kwanza, akarudi na mzigo wa majani makavu ya migomba, na mara watu wote walikuwa wakikimbia vihambani na kurudi, wakiyaegemeza ukutani kama wanaoezeka nyumba iliyolala ubavu.

"Usikanyage hapo, mzee Yoramu!" Abasi alipiga kelele. "Hiyo ni chokaa! Mguu mkubwa namna hiyo!"

"Nifunge kwa fundo lako la mbuzi nisikanyage!"

Ilinyesha mpaka jioni. Tulisimama chini ya paa la baraza, tumelowa wote, tukitazama mtaroni. Maji yalikuja kwa nguvu kutoka juu, mekundu, yakafuata mawe. Yalipofika katikati yalijikusanya, yakasita, na Abasi akanishika mkono hadi ukaniuma. Kisha yakageuka. Yakayazunguka yale masale mawili, yakarudi kwenye mstari wake, yakateremka mfongoni.

Theodory aliingia ndani, akaweka kiganja ukutani, chini, mahali palipokuwa pakitoa maji kila masika. Alipotoka alikuwa akikisugua kile kiganja kwa kidole gumba.

"Pakavu," alisema. "Fundi, kesho kutwa nina kesi ya mpaka. Nitaweza kukaa humu ndani?"

"Utakaa," alisema Abasi, meno yakimgongana kwa baridi. "Ila usiegemee. Chokaa bado."